Mungu akinuna mezani: jinsi ya kumhukumu mfuasi aliyepotoka bila kuua kampeni

Swali hili linarudi kila grupu jipya likianza kucheza D&D (Dungeons and Dragons, gemu ya mezani ya kuigiza wahusika, ambayo hadithi yake moja ndefu inaitwa kampeni) huku kwetu, iwe Njiro, Kijenge au kule chini Moshi mjini: kleriki wangu, yani mhusika anayepewa nguvu na mungu wake, kaiba, kadanganya, kachoma ghala la wanakijiji, sa mungu wake anafanyaje? Na wachezeshaji wengi, wale wanaosimulia hadithi na kuamua mambo mezani, wanajibu fasta tu, nguvu zote zimekatwa, we kuanzia sasa ni mtu wa kawaida, tuendelee. Chalii wa watu anabaki na karatasi haina kitu, anashika simu anaanza kuskroli, wikiendi ijayo ana udhuru. Hapo mungu hajasema chochote bana, hapo ni mchezeshaji ndo kanuna.

Kitu cha kushika kabla ya vyote ni kwamba mungu wa kwenye gemu anahukumu kwa mambo yake yeye. Hapimi wema wa jumla, hapimi kwa yale uliyofundishwa kipaimara au madrasa, anapima kwa kile anachokilinda na anachokichukia, basi. Chukua Helm wa Faerûn, moja ya dunia za kubuni za gemu hii, mungu wa walinzi. Kipindi kile Ao, mkuu wa miungu wote, alipowatupa miungu wote duniani baada ya Mabamba ya Majaaliwa kuibiwa, Helm peke yake aliachwa na nguvu zake alinde ngazi ya kurudi juu, akaja Mystra, mungu wa uchawi, anataka kupita kwa nguvu, Helm akamuua. Watu wa dunia ile wengi walimchukia Helm kwa hilo, lakini ukimuuliza mwenyewe atakwambia aliambiwa alinde, akalinda. Sasa fikiria kleriki wake ameachiwa lango la mji, anasikia mtoto anazama mtoni, anaacha lango anakwenda kumuokoa. Kwa mungu wa huruma huyo ni shujaa, kwa Helm huyo ana kesi. Ukishaelewa huo mfano mmoja nusu ya kazi imekwisha, maana hapo ndo utamu wa hukumu ulipo, kwenye mtu mzuri aliyefanya jambo zuri kwa mungu asiyelitaka.

Na kinyume chake pia. Umberlee wa baharini hajali kabisa kama baharia wake ni muuaji au mlevi, anachotaka ni sadaka itupwe majini na watu wamuogope, akisahauliwa ndo anazamisha meli. Kwaio usije na hukumu ya "umefanya ubaya" kwa mfuasi wa Umberlee, atakucheka.

Agano kwanza, kesi baadae

Kabla mchezo haujaanza mwambie mchezaji aandike nyuma ya karatasi ya mhusika wake mambo matatu mungu wake anayoyaamrisha na matatu ambayo ni mwiko. Kwa mkono wake mwenyewe, na we usome, mkubaliane. Pathfinder, gemu nyingine ya aina hii, toleo lake la pili lililotoka 2019 linafanya hivi tayari, kila mungu ana orodha ya amri na orodha ya miiko, na hata kama nyie mnacheza D&D hamna dhambi kuiba huo utaratibu.

Mwiko uandikwe kwa kitendo, sio kwa hisia. "Asiwe mwovu" haina maana, kila mtu mezani atakuja na tafsiri yake na saa mbili za usiku mtakuwa bado mnabishana. "Asiseme uongo chini ya kiapo", "asimuache mgeni nje usiku", "asichukue mali ya aliyekufa kabla hajazikwa", hizo zinaeleweka, na ile ya mwisho nakuhakikishia itavunjwa kwenye pango la kwanza tu, maana wachezaji na mifuko ya marehemu unawajua.

Nimekutana na wachezeshaji wanaoficha miiko ili eti mchezaji ashtuke. Mi siungi mkono. Hukumu inauma pale mtu alijua bei na akaamua kulipa, asiyejua bei anaona ameonewa tu.

Nani anashika swichi?

Hapa angalia mnatumia toleo gani la D&D, sababu kila toleo lina msimamo wake na watu wanachanganya. Lile la 3.5 la mwaka 2003 ni kali: kleriki akivunja vibaya kanuni za mungu wake anapoteza miujiza yote na uwezo wake mpaka atubu, na paladini, yani shujaa wa kiapo kitakatifu, akifanya uovu kwa kudhamiria tu, kashuka. Toleo la nne la 2008 likageuza kibao, ukishawekwa wakfu nguvu ni zako, hazirudi, ukipotoka watakaokushughulikia ni waumini wenzako. Afu la tano la 2014 likaacha mambo mengi kwa mchezeshaji, linasema paladini aliyevunja kiapo anaweza kutafuta kusamehewa, akeshe usiku mzima akisali, afunge, ajinyime, na asipojutia kabisa ndo anaweza kugeuka kuwa mvunja kiapo, ambaye ana nguvu zake nyingine za giza.

Mi napenda kuchanganya. Mungu anakata kidogokidogo na wakati huohuo waumini wenzako nao wanakuja, maana kukatwa nguvu ni namba kwenye karatasi lakini mzee wa hekalu uliyemsalimia shikamoo tangu sesheni ya kwanza akikataa kuitikia marahaba, aisee, hiyo inaingia.

Punje za kahawa

Sasa utaratibu wenyewe. Weka kikombe kitupu mbele ya mchezaji mwenye mungu na we kaa na kahawa mkononi, buni kavu, Moshi hazikosekani na kama hamna tumia hata maharage. Akivunja mwiko mdogo weka punje moja kikombeni. Akivunja mkubwa, weka tatu. Usiseme kitu, weka tu punje uendelee na hadithi, ile sauti ya punje ikigonga kikombe inatosha na utaona meza nzima inageuka kuangalia.

Zikifika tatu mungu anatuma dalili. Zikifika tano anachukua kitu. Zikifika saba anaitwa mbele za watu. Akifanya huduma ya kweli kwa mungu wake, huduma iliyomgharimu, unatoa punje. Kusali kabla ya kulala hakutoi punje maana wote watasali kabla ya kulala.

Dalili ndo sehemu wengi wanairuka na ndo sehemu tamu kuliko zote, kwaio nitakaa hapa kidogo. Dalili lazima ifanane na mungu. Mungu wa alfajiri, kama Lathander, mfuasi wake aamke amechelewa, jua limeshatoka na yeye hakuliona, kesho tena hivohivo, keshokutwa wenzake wanasema jogoo amewika mara tatu mbona hukusikia. Tymora wa bahati, sarafu yake kila akirusha inasimama kwa ukingo, haianguki upande wowote. Mungu wa makaa na jiko, ugali wa mfuasi hauivi, moto upo, maji yamechemka, unga unabaki mbichi, na wenzake wakisonga kwenye sufuria hiyohiyo unaiva vizuri. Dalili ya namna hii haipunguzi namba hata moja kwenye karatasi lakini mchezaji anaanza kuulizauliza kwa wahusika wako, anatafuta kuhani, anakiri kwa rafiki yake, yani anakuchezea kampeni bila we kufanya kazi.

Na usiogope kutoa nyingi. Kule Krynn, dunia nyingine ya gemu, mji wa Istar ulipokuwa na Kuhani Mfalme aliyejiona anaweza kuwaamrisha miungu, miungu ilituma maonyo 13 kabla ya kuurushia mlima wa moto. Kumi na tatu! Na kabla ya hapo wakawaondoa makuhani wa kweli wote, na baada ya Janga hilo dunia ile ikakaa zaidi ya miaka 300 bila miujiza ya uponyaji. Angalia ukubwa wa adhabu halafu angalia ukubwa wa subira. Wewe unayekata nguvu baada ya kosa moja umewazidi hasira miungu wa Krynn.

Ukifika kuchukua kitu, chukua kilichohusika na kosa. Kaponya adui kwa hela? Chukua uponyaji, mwachie mengine. Kadanganya? Ule muujiza wa kutambua uongo ndo uondoke, tena usimwambie, mwache autumie ajibiwe kimya. Kumnyang'anya vyote kwa mkupuo maana yake umetumia risasi zako zote siku moja na mchezaji hana kilichobaki cha kuogopa kupoteza.

Jambo dogo kuhusu meza za huku

Meza yako Arusha itakuwa na Mlutheri, Mkatoliki, Muislamu, labda na mtoto wa mchungaji ambaye mama yake ameona picha ya shetani kwenye jalada la kitabu na anataka maelezo. Ongea na watu mapema. Na mi kwa upande wangu siweki miungu ya kweli mezani, simweki Ruwa wa Wachaga wala Engai, maana kuna mabibi na mababu wanamtaja mpaka leo asubuhi wakitema mate kubariki wajukuu, haifai nimpe namba za mapigo. Mnaweza kuazima wazo bila kuazima jina. Wamaasai wanamtaja Engai Narok, mweusi, wa mvua na neema, na Engai Nanyokie, mwekundu, wa hasira na ukame. Unda mungu wako mwenye sura mbili za namna hiyo, mfuasi akipotoka sura inageuka, na maombi yaleyale ya mvua yanaanza kujibiwa na jua. Hujamgusa mtu.

Siku ya kuitwa

Punje saba, kesi inasikilizwa. Wachezeshaji wengi hapa wanamleta mungu mwenyewe, radi, sauti nzito, hotuba ndefu. Ukiniuliza mimi, mungu asitokee. Atume mtu, na mtu huyo awe mdogo kwa umbo kuliko paladini aliyevaa chuma. Bibi kizee anayefagia hekalu anatosha sana. Inaweza kwenda hivi:

"Shikamoo koko."

"Marahaba. Kaa. Hapana, kaa chini, hicho kiti cha wageni."

"Koko, mi si mgeni hapa."

"Ndo tumekuja kuliangalia hilo, mwanangu."

Ushaona? Hamna radi na mchezaji ameshaanza kutoka jasho. Huku kwetu kila mtu ameshawahi kukalishwa na wazee kwa namna hiyo, anajua kabisa kinachofuata, huhitaji kumuelezea.

Utaratibu uwe wa baraza. Anayeshtaki aseme alichoona, punje moja moja, unazitoa kikombeni unaziweka mezani kila moja na tukio lake. Wahusika wengine wa timu wasimame kama mashahidi, na hapa wape uhuru, akitaka mwizi wa timu kumtetea mwache, akitaka kumchoma mwache pia, hiyo ni hadithi ya miezi mingine. Mtuhumiwa aongee mwisho. Na kitu kimoja, hukumu usiirushie dadu. Dadu la pande 20 ni la kuona kama umeruka mto, mtu akieleza kwanini aliacha lango halafu ukasema haya rusha tuone kama mungu amekuelewa, umeshaitupa jioni yote jalalani. Sikiliza alichosema, linganisha na agano lililo nyuma ya karatasi yake, amua.

Kuna majibu manne au matano tu yanayowezekana: ameeleweka, amepewa kazi, amefungiwa kwa muda, amefukuzwa, au mungu ndo ana makosa na mfuasi anaondoka kwa miguu yake. Hilo la mwisho litumie. Miungu ya gemu sio mjuzi wa yote, Tyr mungu wa haki mwenyewe ni kipofu na ana mkono mmoja, na kampeni ambayo mfuasi anamshinda mungu wake kwa hoja watu wanaisimulia muda mrefu.

Msifike saa nzima lakini. Dakika ishirini hivi, wengine nao wamekuja kucheza.

Adhabu iwe na umbo

Wale wa Machame, Kibosho, Marangu mnaijua mifongo, ile mifereji ya kumwagilia inayoshushwa kutoka mlimani, ina zamu zake na wazee wake, na anayefungulia maji kwenye zamu ya mwenzake anatozwa, zamani mbege ilikuwa haikosekani kwenye faini. Nina mungu mmoja nilimjenga juu ya hilo, analinda maji na zamu, na mfuasi wake akinyakua kisicho zamu yake adhabu ni kwamba zamu yake inaruka. Yani kwenye mapigano, mara moja kwa kila pambano, zamu yake ikifika anapitwa, mungu mwenyewe anachagua lini. Hajapoteza nguvu, hajapungua damu, ila kila pambano anakaa roho juu. Na faini inalipwa kwa kuwapikia watu pombe na kuwanywesha wale aliowaibia, ana kwa ana, wakikaa wanakunywa naye anahudumia. Hiyo ni adhabu unaweza kuicheza. "Umepunguziwa nguvu kwa mbili" haichezeki, inafutwa na raba ikiisha.

Adhabu nzito kabisa yenye umbo ni ya yule Lord Soth wa Krynn, shujaa aliyepewa nafasi ya kwenda kulizuia Janga, akiwa njiani akaambiwa mkewe si mwaminifu, wivu ukamshika akageuza farasi akarudi nyumbani, Janga likatokea, mke na mtoto wakaungua mbele yake naye akalaaniwa, akawa shujaa mfu anayeishi kwenye ngome iliyoungua. Kosa lilikuwa kurudi nyumbani, na adhabu ni kwamba nyumba hiyohiyo iliyoungua ndo makao yake bila mwisho. Ukitaka kutunga laana anza hapo, tafuta mtu alichokimbilia, halafu mpe hichohicho bila mwisho.

Toba

Toleo la 3.5 lina muujiza kabisa wa kutubisha, kuhani mwingine anaufanya, unachukua saa nzima, na aliyekosa lazima awe amejuta kweli. Tatizo watu wanaugeuza duka, unalipa unasafishwa unaendelea kuiba. Weka sharti kwamba aliyekosewa lazima ashiriki. Mila ya Kichaga ina isale, lile jani unalompelekea uliyemkosea kuomba msamaha, na uzito wake ni kwamba aliyepelekewa inakuwa ngumu sana kukataa. Tengeneza kitu chenu cha namna hiyo, jani, shanga, kibuyu, chochote, ila kiwe kimoja kwa mhusika maisha yake yote. Akishakitumia kwa kosa la kijinga la sesheni ya tatu, kwenye sesheni ya thelathini atakuwa mikono mitupu, na kila mtu mezani anakumbuka.

Akikataa kutubu usimlazimishe. Miungu wengine wananusa mfuasi aliyefungiwa haraka sana. Loviatar wa maumivu, au mungu yeyote mchafu wa dunia yenu, atume mjumbe mpole, mwenye chakula, asiyeuliza maswali. Kwenye karatasi nguvu zirudi zotezote usiku uleule na usiseme zimetoka wapi.

Na akifa kabla kesi haijaisha?

Hapa Faerûn ndo wana mfumo ulionyooka kuliko wote. Roho zinakwenda kwenye nyanda za Fugue, zinasubiri mjumbe wa mungu wao aje awachukue. Ambaye hakuchukuliwa anapelekwa mbele ya Kelemvor, mungu wa wafu, kwenye Mji wa Hukumu. Kuna Waongo, waliojiita wa mungu fulani wakamsaliti, hao wanabaki mjini na adhabu kulingana na makosa yao. Na kuna Wasioamini, wasio na mungu yeyote, hao walikuwa wanajengewa kwenye ukuta ambao Myrkul, mungu wa wafu wa zamani, aliuanzisha, wanayeyuka humo taratibu. Watu walilalamika sana kuhusu huo ukuta, na mwaka 2020 wenye gemu wakaifuta sentensi iliyoutaja kwenye kitabu chao cha 2015, kwaio kuutumia au kutoutumia ni hiari yako. Mi siutumii, mchezaji ambaye mhusika wake hana dini hajamkosea mtu.

Ila historia ya Kelemvor mwenyewe itumie. Alikuwa binadamu kabla hajawa mungu, na alipokaa kwenye kiti akaanza kuhukumu kwa moyo, wema na mashujaa akawapa sehemu nzuri, waoga na wakatili akawabana, bila kujali sana walimuabudu nani. Matokeo yake mashujaa wakaanza kukimbilia kufa, wanajua kule ni kuzuri, na ibada kwa miungu wengine ikapungua, mpaka miungu wenzake wakamuweka yeye hakimu kitimoto. Ikabidi abadilike, akawa baridi, anasoma daftari tu.

Kwaio mhusika akifa na punje tano kikombeni usikimbilie kufunga kitabu. Wape wenzake nafasi ya kumfuata. Wanapofika Fugue kuna mashetani wanazunguka kwenye foleni wakizipa roho ofa, sahihi tu hapa utoke kwenye foleni hii, na foleni haisogei, na mjumbe wa mungu wake amesimama mbali kidogo anaangalia, hajaja na hajaondoka. Timu inaweza kuongea na yeyote kati ya hao. Andaa mapema mjumbe anataka nini ili amchukue rafiki yao, kiwe kitu kinachotoka kwa timu yenyewe, na kikombe cha kahawa kiwe palepale mezani, maana kuanzia hapo punje zinaweza kuhamishwa kwenda kwa mwingine atakayekubali kuzibeba.